Mwaka wa Sifuri Hospitalini Lindervoort

"Ad, hebu niambie ukweli wako," Toos alimwuliza jirani yake Jumamosi moja, kila mmoja akiwa upande wake wa ua wa miti na mkasi wa kupogolea mkononi. "Hapo hospitalini kwenu, mtu akiingia na nyonga mbovu, anatoka na nini?"

Ad Kuijstermans alikata tawi moja kwanza. Yeye alikuwa Katibu wa Kamati ya Mikono Safi katika Hospitali ya Lindervoort, mji mdogo wa jimbo la Brabant, huko kusini, wenye kanisa kubwa kuliko watu wanaolijaza. Kazi yake ilikuwa kuyaandika yaliyosemwa vikaoni kwa namna ambayo wakubwa wangependa wawe wameyasema. Alimjibu Toos kwamba mtu hutoka na nyonga mpya. Toos akasema binamu yake Mien alitoka hospitali fulani, jina halitaji, na nyonga mpya kweli, pamoja na kidonda kilichotoa usaha mpaka Krismasi, na kila dawa aliyopewa ilikuwa kama kumpa maji.

Jumatatu Ad akalipeleka swali hilo kikaoni.

Mkurugenzi Mkuu, Bwana Godfried Baardwijk, alilisikiliza kwa makini. Kabla ya hospitali alikuwa ameongoza kiwanda cha biskuti kwa sifa kubwa, na hakuna biskuti iliyowahi kulalamika. Akafumba macho, kama afanyavyo kanisani sahani ya sadaka inapokaribia, na alipoyafumbua tangazo lilikuwa limeshakamilika. Wiki haikuisha kabla halijatundikwa juu ya mlango mkubwa, kwa herufi ambazo mtu aliweza kuzisoma akiwa bado juu ya baiskeli:

KUANZIA MWEZI UJAO HOSPITALI YA LINDERVOORT HAINA VIJIDUDU SUGU. UAMUZI HUU UMEPITISHWA KWA KAULI MOJA.

Kauli moja ilikuwa ya Mkurugenzi. Aliyebaki na la kusema alikuwa Dokta Hiltje Wiersma, mtaalamu wa vijidudu, mwanamke mrefu wa Friesland, huko kaskazini ambako watu huyabania maneno kama kuni za baridi. Yeye aliinua mkono akauliza kama vijidudu vyenyewe vimeshaarifiwa. Mkurugenzi akasema hilo litashughulikiwa na watu wa mawasiliano. Ad akaandika: "Dokta Wiersma aliulizia upande wa mawasiliano na akaridhika."

Tangazo peke yake halitoshi, kila mtu mwenye uzoefu wa ofisi anajua, kwa hiyo ziliwekwa hatua.

Hatua ya kwanza iliitwa Dawa ya Heshima. Kila anayelazwa, awe amevunjika mguu au amekuja kuondolewa nta sikioni, apewe antibiotiki mlangoni, ili vijidudu vijue mapema hii ni nyumba ya namna gani. Watu wa Lindervoort walilipokea jambo hili kwa machozi. Wao tangu utotoni wamekwenda kwa daktari wao wa mtaa na kila balaa, wakarudishwa nyumbani na panado mbili na ushauri wa kungoja wiki. Sasa fundi bomba aliyekuja kukatwa kucha iliyoota ndani ya nyama aliondoka na vidonge vikubwa kama maharage, akavionyesha baa nzima, na jioni hiyo hakuna aliyemruhusu kujilipia bia.

Dokta Wiersma alikuja kikaoni akiwa mwekundu shingoni. Alisema dawa ikimwagwa hivyo, vijidudu wanyonge wanakufa na wakorofi wanabaki, nyumba yote inakuwa yao, wanazaliana, na watoto wao wanazaliwa wakiijua dawa kama mtoto anavyolijua jina la baba yake. "Mnawachagulia wakorofi," alisema, "kisha mnawafagilia na chumba."

Ad aliandika: "Dokta alitambua mchango wa dawa katika kupunguza vijidudu wanyonge, na akagusia suala la usafi wa vyumba."

Hatua ya pili ilihusu mguso. Kila anayemgusa mgonjwa asafishe mikono kabla na baada. Mikono ya koti iishie kwenye kiwiko, pete ivuliwe, saa ivuliwe. Hapo ndipo Kamati ilipokutana na swali gumu kuliko yote iliyowahi kukutana nayo, yaani Mkurugenzi mwenyewe.

Huko Brabant, siku ya kuzaliwa si ya mtu mmoja. Unaingia, unampa mkono aliyezaliwa, unampa mkono mkewe, unampa mkono mama mkwe na jirani na mtoto wa jirani, na kila mmoja unampongeza kana kwamba wote walitoka tumboni asubuhi ile. Asiyefanya hivyo huonekana amelelewa na mbwa. Mkurugenzi Baardwijk aliipenda desturi hii kuliko mshahara. Kila asubuhi kompyuta ilimwambia ni mgonjwa gani kazaliwa tarehe ile, naye alikuja wodini na keki bapa ya cheri, akampa mkono mwenye siku yake, kisha akazunguka vitanda vyote. Hongera kwa mwenzako wa dirishani. Hongera kwa mama wa mlangoni. Wanawake walioonekana kuwa na nguvu za kuvumilia aliwabusu mara tatu, shavu hili, shavu hili, na lile la kwanza tena. Akimaliza wodi moja alihamia nyingine, maana Mungu kwa ukarimu wake hakuna siku ambayo hakumzalisha mtu.

Je, huko ni kugusa? Kamati ilikaa asubuhi mbili na kumaliza biskuti za mwezi. Ilionekana kwamba mtu anayegusa ana nia ya kitabibu, ilhali Mkurugenzi hana nia yoyote ya kitabibu na hajawahi kuwa nayo. Mkurugenzi hagusi, anapongeza. Hivyo sharti la mikono halimhusu, na pete yake ya ndoa, saa yake, na vifungo vya dhahabu vya mikono ya shati vikabaki mahali pake. Dokta Wiersma alicheka kwa sauti. Ad akaandika kwamba kikao kilifungwa kwa furaha.

Hatua ya tatu ilikuwa kuhesabu. Kijidudu sugu kikionekana kwa mgonjwa, kitahesabiwa kuwa alikuja nacho kutoka nyumbani, mpaka ithibitike kuwa kilizaliwa hospitalini. Hakuna kijidudu kilichowahi kuleta cheti cha kuzaliwa. Hesabu ikatoka sifuri mwezi wa kwanza, sifuri wa pili, sifuri wa tatu, na ikatangazwa kwamba Ijumaa fulani ya mwezi wa nne wakubwa wa wizara watakuja kutoka Hague na gari lao jeusi kuikabidhi Lindervoort Bendera Nyeupe, tuzo ya usafi ambayo hospitali nyingine zimeiota miaka na miaka.

Basi Ad alirudi kwenye ua wa miti, kifua mbele, akamwita Toos.

"Sifuri, Toos. Ingia. Nakuhakikishia mimi mwenyewe."

Toos aliusogelea ua, mkasi mkononi. Alikuwa na miaka sabini na ushei, mjane, na mguu wa kulia alikuwa anauburuta kama mtoto asiyetaka shule. Kupiga magoti kanisani alikuwa ameshaacha, na hilo lilimuuma kuliko nyonga.

"Yakinipata, nitakulaumu wewe, si yeye," alisema. "Yeye simjui."

Akaingia na rozari yake, ndara zake, na mfuko wa pipi nyeusi za chumvi. Upasuaji ulikwenda vizuri sana, na hilo lisemwe kwa haki. Daktari wa mifupa alikuwa na mikono mizuri na aliisafisha. Siku iliyofuata Toos alisimamishwa kwenye kigari cha kutembelea, akaenda mpaka dirishani na kurudi, akasema mguu ni wa msichana, uliobaki sasa ndio wa bibi.

Kisha Bibi Nolda wa kitanda cha dirishani akatimiza miaka themanini.

Mkurugenzi aliingia na keki. Alikuwa ametoka wodi ya vidonda, ambako mlinzi mmoja mstaafu naye alikuwa na siku yake, na alikuwa mchangamfu. Alimpa mkono Bibi Nolda, akambusu mara tatu, akaja kwa Toos na kumpongeza kwa kuzaliwa kwa Bibi Nolda, mtu ambaye Toos alimjua tangu juzi. Akainua shuka kidogo.

"Na hii ndiyo nyonga yetu mpya," alisema, na akaipigapiga juu ya bendeji iliyokuwa imelegea, kama mtu anayemsifu farasi.

Toos alimwambia Ad baadaye kwamba alitaka kuuondoa mkono ule, lakini mkono wake mwingine ulikuwa umeshika sahani ya keki.

Kabla ya wiki kuisha kidonda kikawa chekundu. Kikawa cha moto. Kikaanza kutoa maji, na maji yakawa usaha. Walimpa dawa ya kwanza, ya pili, na ile ya tatu wanayoisifu sana. Kijidudu kilizipokea zote kama wageni wa kahawa, kikazisikiliza, kikazisindikiza mlangoni. Bibi Nolda naye akashikwa, kisha bwana mmoja wa goti.

Neno "kutengwa" halikutumika, maana hospitali yenye sifuri haina wa kumtenga. Toos alihamishiwa Chumba cha Utulivu. Wauguzi walioingia humo walivaa magauni ya karatasi, glavu na barakoa, na tangazo mlangoni lilieleza kwamba ni kwa sababu ya upepo.

Wakati huo huo utaratibu ulifuatwa. Kwa kuwa kijidudu kilitoka nyumbani, maofisa wawili walikwenda nyumbani kwa Toos na vijiti vya pamba. Walifuta kitasa cha mlango, kiti cha marehemu mumewe, kibakuli cha maji ya baraka, na masikio ya sungura wake. Sungura akamng'ata mmoja, jambo lililoandikwa kama kukosa ushirikiano. Kwa kuwa ua ni wa pamoja, wakafuta pia mkasi wa Ad. Kila kitu kilikuwa safi. Taarifa ikasema chanzo kinaendelea kutafutwa huko huko.

Ilikuwepo dawa moja iliyobaki. Wenyewe waliiita dawa ya akiba, na ilifungiwa katika kabati la chuma ghorofa ya pili. Haitolewi ovyo, na hilo ni jambo la busara, maana kijidudu kikiizoea na hiyo hakuna nyingine. Sharti lake ni fupi: hospitali ithibitishe kwa saini ya Mkurugenzi kwamba kijidudu sugu kimo ndani ya nyumba. Dokta Wiersma aliomba. Jibu lilirudi siku hiyo hiyo, kwa adabu, kwamba hospitali iko kwenye sifuri na ombi halina msingi wa kitakwimu.

Ad alikwenda kumwona Toos Jumatatu, baada ya chai ya saa nne. Walimvalisha gauni la karatasi lililomfika magotini na barakoa iliyomfanya asikie harufu ya pumzi yake mwenyewe. Toos alikuwa amelala na mashavu mekundu, macho yanang'aa, midomo imekauka.

"Umevaa hivyo kwa nini?"

"Upepo," Ad alisema.

"Ad."

Akaketi. Hakuwa na pa kuweka mikono yake.

"Dokta kaniambia mwenyewe," Toos alisema. "Yule mrefu haniongopei. Wakishindwa wataitoa nyonga, na mguu utabaki unaning'inia kama soksi kwenye kamba. Na huo usaha ukishuka kwenye damu, basi tena, mtaniimbia. Na dawa ipo."

"Ipo."

"Humu humu."

"Ghorofa ya pili."

"Na hawanipi kwa sababu siumwi."

"Kwenye karatasi, Toos. Kwenye karatasi huumwi."

"Basi kaniletee hiyo karatasi ilale hapa, mimi nikakate miti." Akavuta pumzi. Kisha akauliza kama Riet, mke wa Ad, bado anapita kwenye kikanisa cha Bikira barabarani.

"Kila jioni. Anakuwashia mshumaa."

"Mwambie awashe miwili. Mmoja wa yule Baardwijk. Ana haja kuliko mimi."

Koridoni Dokta Wiersma alikuwa anavua glavu. Ad alimwuliza kama nyonga inaweza kusubiri mpaka Bendera ikabidhiwe Ijumaa. Dokta akamtazama kama mtu anayetazama saa iliyosimama.

"Ijumaa ni mbali," alisema, akaenda zake.

Basi Ad akapanda kwa Mkurugenzi. Alipokelewa vizuri, akapewa kahawa na biskuti yake moja. Mkurugenzi aliguswa sana na habari za Toos, akatoa hata chozi la ukubwa unaolingana na cheo. Alisema wagonjwa ni familia yake. Alisema baada ya Ijumaa kila kitu kitatazamwa kwa jicho la huruma. Kabla ya Ijumaa, alisema, kuandika "kimo" mahali palipoandikwa "hakimo" kungevunja moyo wa wafanyakazi, na wafanyakazi waliovunjika moyo ndio hueneza magonjwa.

Ad alijaribu njia aliyoizoea. Alishauri kijidudu kipewe jina jingine, la kirafiki kidogo, ili dawa ifunguliwe kwa jina hilo bila kuigusa sifuri. Mkurugenzi alilipenda wazo hilo mno. Alisimama, akampa mkono, akasema hiyo ndiyo akili wanayoihitaji. Itaundwa kamati ndogo ya majina, ikae mara tu baada ya Bendera.

Mezani kwake nyumbani siku ile palikuwa na viazi vilivyopondwa na sukumawiki, na soseji juu. Riet alimsikiliza mpaka mwisho. Yeye si mtu wa kugombana mtu akiwa anakula.

"Wewe ndiye uliyemwambia aingie," alisema tu, akaongeza mchuzi.

Soseji ya Ad ilibaki kwenye sahani. Kumbukumbu za kikao alizokuja nazo zikabaki ndani ya mkoba, hazijanyooshwa, na kwa mtu kama Ad hiyo ilikuwa kama kwenda Misa na nguo za kulalia.

Lakini maandalizi ya Ijumaa yalikuwa yamepamba moto. Mkurugenzi alikuwa ameamua kwamba kila mfanyakazi avae beji yenye sifuri ya duara, na kwamba atawabandika yeye mwenyewe, kifua kwa kifua, huku akiwapongeza. Jumanne aliwamaliza wauguzi na wahasibu. Alipofika kwa wapishi, pini ya sifuri ya mkata mboga ilimteleza ikamchoma kidole gumba. Alikinyonya, akacheka, akaendelea.

Jumatano kidole kilikuwa soseji. Hakujali, kwa kuwa Dawa ya Heshima alikuwa anaimeza kila siku tangu siku ya tangazo, ili awe mfano. Jioni akaanza kutetemeka. Akamwita Dokta Wiersma kwa siri, naye akaja na vijiti vyake vya pamba, akachukua usaha kidoleni, na kwa kuwa alikuwa ameshafika, akachukua na kitu puani.

Ijumaa asubuhi na mapema, kabla gari jeusi halijatoka Hague, Ad aliitwa ofisini kuandika kumbukumbu. Mkurugenzi alikuwa nyuma ya meza yake, mkono umefungwa kitambaa na kuwekwa juu ya mto wa kiti. Uso ulikuwa wa rangi ya jibini. Dokta Wiersma alikuwa amesimama.

"Ni kile kile," Dokta alisema.

"Kile kipi?"

"Cha Toos. Cha Bibi Nolda, cha yule wa goti. Mama mmoja, baba mmoja. Kidoleni kimo, na puani ndiko kwao. Kimekaa humo muda mrefu, kinakula keki. Kila kitanda ulichokipongeza, Bwana Baardwijk."

Mkurugenzi alifikiri. Alikuwa mtu aliyezoea kufikiri na homa za wengine, ya kwake ilimpa tabu.

"Adriaan," alisema mwishowe, akimwita Ad kwa jina lake kamili, "andika kwamba Mkurugenzi ameambukizwa na mgonjwa akiwa kazini."

"Mgonjwa gani?" Dokta aliuliza. "Humu hamna mgonjwa mwenye kijidudu. Tumepitisha."

"Basi andika kimetoka nyumbani."

"Sawa. Maofisa wawili waende wakamfute mkeo. Masikio, pua, kila kitu. Na wageni wa leo wataambiwa kimetoka kwake."

Ad aliinua kalamu. Mkurugenzi akamwashiria aishushe. Mkewe alikuwa mtoto wa jaji.

"Nitakwenda hospitali nyingine. Hata sasa hivi."

"Nenda. Watakuuliza swali moja mlangoni: huko kwenu kijidudu hiki kipo? Ukisema hakipo, watakupa panado na kukuambia ungoje wiki. Ukisema kipo, watampigia simu yule anayekuja na bendera."

Chini, mbele ya mlango mkubwa, walisikika watu wakijaribu tarumbeta.

"Dokta," Mkurugenzi akasema kwa sauti ya chini, sauti ambayo Ad hakuwahi kuisikia kikaoni, "nipe dawa tu. Kimya kimya. Sote ni watu wazima hapa."

"Kabati halifunguki kwa ajili ya kidole. Linafunguka kwa ajili ya kijidudu. Ama kimo humu ama hakimo. Nikikufungulia wewe, nimewafungulia wote."

Alimsogelea, akafungua kitambaa. Mstari mwekundu ulikuwa umetoka kidoleni, ukapita chini ya kamba ya saa, ukapita kifungo cha dhahabu, ukapotea ndani ya mkono wa shati. Mkurugenzi aliutazama. Ad naye aliutazama, na Mungu amsamehe, jambo la kwanza lililomjia ni kwamba mstari huo ulikuwa umenyooka kuliko kumbukumbu zake zote.

"Huu unakwenda wapi?" Mkurugenzi aliuliza.

"Juu," Dokta alisema.

Karatasi ilikuwa tayari mezani, ile ile ya ombi la Toos. Mkurugenzi alilifuta neno "hakimo" akaandika "kimo", na kwa kuwa mkono wa kulia ulikuwa umelazwa juu ya mto, aliisaini kwa wa kushoto. Ilitoka kama saini ya mtoto wa chekechea. Akasema watu wa tarumbeta waambiwe waende nyumbani. Ad akawapigia simu.

Dokta alikwenda ghorofa ya pili na kurudi na kisanduku cheupe, kimepata ukungu wa baridi. Alikiweka mezani katikati yao. Akaeleza kwamba kabatini kilikuwemo hicho kimoja tu, vingine vimeshaagizwa na vitafika kesho asubuhi.

Mkurugenzi alikuwa ameshavua saa. Alivua pete kwa tabu, akakunja mkono wa shati mpaka juu ya kiwiko.

"Sindano mnachomea wapi?" aliuliza.

"Chako wewe ni kidole. Nimekuwekea alama ya kalamu pale wekundu ulipofika, ukiipita niite. Kinaweza kungoja mpaka kesho," Dokta alisema. "Nyonga haiwezi. Bibi Nolda na yule wa goti hali yao haijafika hapo, nao watangoja. Ad, kipeleke Chumba cha Utulivu. Muuguzi ameshatundika dripu."

"Adriaan," Mkurugenzi akasema. Hakupaza sauti. "Mimi ndiye niliyesaini. Bila saini yangu hicho kingekuwa bado kabatini. Kiache hapo, kaa chini, tuandike kwa utulivu. Tuanze hivi: Baada ya tafakari ndefu, Mkurugenzi, kwa kuguswa na hali ya wagonjwa wake..."

Ad alikuwa ameshaandika "Baada ya". Akayatazama maneno yale mawili. Akaifunga kalamu, akaiweka juu ya karatasi. Akasogea kwenye sinki lililo pembeni mwa mlango wa ofisi, sinki zuri ambalo hakuna aliyewahi kuliona likitumika, akanawa mikono taratibu mpaka kwenye viwiko, akaifuta. Kisha akarudi mezani, akakichukua kisanduku kwa mikono miwili, Mkurugenzi akimwita kwa jina lake kamili, na akatoka kuelekea Chumba cha Utulivu.